Shajara ya mradi: programu ya duka la vifaa vya ujenzi kwa Lazarus na Free Pascal

Naiandika hii ili mwenye shida kama yetu aweze kufuata au kukopi kabisa, kila hatua ikiisha naongeza tarehe na maelezo. Hatua ambazo kila mtu anazijua nitazipita haraka, nitakaa pale ilipokwama maana huko ndo muda na hela vilikoenda.

11 Januari 2025: kwa nini Pascal, na kuandaa mazingira

Mjomba ana duka la vifaa vya ujenzi Morogoro, maeneo ya Msamvu. Mauzo yako kwenye kaunta buku, madeni yako kwenye daftari jingine, stoo iko kichwani mwake. Anataka vitu vitatu tu: stoo imebaki na nini, leo kimeuzwa nini, na nani anadaiwa. Kompyuta ya dukani ni Windows 7 ya biti 32 yenye RAM giga 2, intaneti hakuna, na umeme ni wa kukatika muda wowote. Kwa hali hiyo sikuona haja ya kuhangaika na vitu vinavyotaka seva na mizigo kibao ya kuinstoli, Pascal inakupa exe moja (faili la programu linalojitosheleza), unaitia kwenye flashi, unafika dukani unaikopi, imeisha hiyo.

Wadau wengi wakisikia Pascal wanauliza kama bado ipo. Ipo, na inatunzwa vizuri tu. Niklaus Wirth aliitoa mwaka 1970, Free Pascal ikaanza 1993, Lazarus ambayo ndo mazingira yenyewe ya kuandikia ikaanza 1999, na zote ni bure hata kama programu unayotengeneza unaiuza. Natumia Lazarus 3.6 inayokuja na kompaila ya Free Pascal (FPC) 3.2.2, ndo inayogeuza kodi kuwa exe. Gharama mpaka hapa ni bando la kushushia tu.

Kuinstoli ni kubofya mpaka mwisho, ila iache ikae C:\lazarus kama inavyopendekeza yenyewe, na folda ya mradi iite jina lisilo na nafasi katikati, mfano C:\miradi\duka, utaepuka matatizo ya ajabu ajabu baadaye. Madirisha ya Lazarus 3.6 yanaelea hovyo kwenye skrini, kama inakukera ingia Package, kisha Install/Uninstall Packages, weka AnchorDockingDsgn, itajiunda upya na kuwaka tena madirisha yakiwa yameshikana. Kwenye laptopu yangu ya RAM giga 4 hilo zoezi lilichukua muda, usiogope ukadhani imeganda.

Jambo la kwanza lililonipotezea saa nzima halikuwa la Pascal. Nabonyeza F9, kompaila inasema imemaliza vizuri, alafu exe haipo. Kumbe antivairasi inaiona exe mpya isiyojulikana inaifuta papo hapo bila kusema chochote. Ingia kwenye mipangilio ya antivairasi yako, iambie iache folda ya miradi, fanya hivyo kabla hujaandika hata mstari mmoja.

Na kabla ya mstari wa kwanza fanya na hili: Project Options, sehemu ya Build modes, kuna kitufe cha kutengeneza modi mbili, Debug ya kujaribia na kusaka makosa, na Release ya kumpa mtumiaji. Kwenye Debug washa ukaguzi wa mipaka (-Cr na -Co), namba za mistari (-gl) na heaptrc (-gh) inayokuonyesha kumbukumbu iliyosahaulika kuachiwa. Programu itakuwa nzito kidogo wakati wa kujaribu lakini ukigusa nafasi ya 11 kwenye array (orodha) ya vitu 10 itakwambia hapo hapo na mstari itakutajia, bila hivyo itaendelea kama hakuna kilichotokea na utakuja kuliona kosa sehemu nyingine kabisa. Nasisitiza hili kwa sababu kompaila ya Pascal ikilalamika ni msaada mkubwa, kinachokula siku za watu ni yale makosa ya kimya.

18 Januari: fomu na kuizoea kibodi

Fomu tatu zimekamilika: bidhaa, mauzo, madeni. Kuburuta vitufe na TEdit (visanduku vya kuandikia) hakuna haja ya kueleza.

Kitu kilichoharakisha kazi ni kuachana na mausi. F12 inakuhamisha kati ya fomu na kodi. Ukiandika jina la procedure (kipande cha kodi chenye kazi yake) kwenye class alafu ukabonyeza Ctrl+Shift+C inakuandikia mwili wake chini yenyewe. Ctrl+Shift na mshale wa juu au chini inakurusha kutoka tangazo kwenda mwili na kurudi. Ctrl+Space inakumalizia majina, na hapa niseme, ikigoma kukumalizia mara nyingi ujue juu kidogo kuna mstari una kosa la sintaksi, haiwezi kusoma kupita hapo, karekebishe kwanza. Ctrl+D inapanga kodi vizuri kama begin na end zimeanza kukuchanganya.

Makosa ya kompaila soma la kwanza tu. Ukikosea semikoloni moja unaweza kuletewa orodha ndefu, watu wanaanza kurekebisha la mwisho maana ndo linaonekana chini, wanazidi kuharibu. Na kama umetoka kwenye lugha nyingine hii utakutana nayo tu: kabla ya else haiwekwi semikoloni. Kompaila itasema ilitegemea ";" ikakuta ELSE, maelezo ambayo yanaelekeza upande wa pili kabisa, unaongeza semikoloni nyingine wakati dawa ni kuitoa iliyopo. Mbaya zaidi ni semikoloni baada ya then, hiyo inakompailiwa bila tatizo, alafu masharti yako hayafanyi kazi kabisa.

Jingine la fomu. Binamu yangu, binti wa mjomba, naye anajifunza, alikopi procedure ya Button1Click kutoka kwenye mfano mmoja akaipesti kwenye unit (faili la kodi), ikakompailiwa, kitufe ukikibonyeza kimya. Kodi kuwepo haitoshi, lazima kitufe kiambiwe: Object Inspector, kichupo cha Events, OnClick, chagua hiyo procedure. Kinyume chake nacho kinasumbua, ukifuta procedure ya tukio kwa mkono fomu inabaki inaitafuta na inagoma kufunguka. Njia salama ni kufuta vilivyo kati ya begin na end tu, uache procedure tupu, ukiseivu Lazarus inaiondoa yenyewe pande zote.

Alafu ukiona haitaki kuunda exe na kodi haina kosa, angalia kama programu bado inakimbia kwa nyuma, Windows haikubali kuandika juu ya exe iliyo wazi. Ctrl+F2 inaizima.

1 Februari: databesi, na vitu vilivyojificha

Nimechagua SQLite kwa sababu databesi nzima ni faili moja, mjomba anaweza kuikopi kwenye flashi kama bakapu bila kufundishwa kitu. Upande wa Lazarus unaweka TSQLite3Connection, TSQLTransaction, TSQLQuery na TDataSource, unaziunganisha, unaweka TDBGrid, na sqlite3.dll inakaa folda moja na exe.

Gridi ikafunguka. Safu ya bei iko sawa, safu ya jina la bidhaa kila mstari imeandikwa MEMO ndani ya mabano, kutoka juu mpaka chini. Hakuna kosa lolote limetolewa. Sababu ni kwamba kwenye jedwali niliandika jina TEXT, na Lazarus inaichukulia TEXT kama maandishi marefu yasiyofaa kuonyeshwa kwenye gridi. Dawa ziko mbili: kwenye Options za gridi washa dgDisplayMemoText, au utengeneze jedwali kwa VARCHAR(60). Nilichagua ya pili maana inakutibu kila mahali, siyo kwenye gridi moja tu. SQLite yenyewe haijali hiyo 60, ila Lazarus inaijali.

Ukiwa hapo hapo, safu za pesa ziandike BIGINT. INTEGER inasomwa kama Integer ya Pascal ambayo mwisho wake ni 2,147,483,647, na jumla ya mauzo ya shilingi kwa duka la saruji na nondo inaweza kufika huko.

Cha pili kiliniumiza kichwa zaidi. Chini ya gridi niliweka maandishi ya idadi ya bidhaa, nikitumia qBidhaa.RecordCount. Ikaonyesha 10. Nikaongeza bidhaa nyingi, 10. Ukiishusha gridi inapanda yenyewe. Nilikagua SQL, nikakagua jedwali, kila kitu kizima. Kumbe TSQLQuery ina kitu kinaitwa PacketRecords na chaguo lake la kuanzia ni 10, inaleta mistari 10 kwanza alafu inaendelea kadiri unavyoshuka, na RecordCount inahesabu zilizokwisha kuletwa tu. Weka PacketRecords iwe -1 kama data ni chache, au uliza SELECT COUNT(*) kwenye query yake ya pembeni. Duka moja halina bidhaa za kutisha, nimeweka -1.

9 Februari: data zote zimepotea

Binamu alikuja Dar na kaunta buku, akakaa na laptopu yangu mchana kutwa anaingiza bidhaa. Jioni tukafungua tena tumwonyeshe mjomba kwa simu ya video.

"Kaka, havipo."

"Uliviona kwenye gridi lakini?"

"Niliviona vyote, tena kila kimoja nilibonyeza Hifadhi."

Alikuwa anasema kweli. Kitufe cha Hifadhi kilikuwa kinaita Post, na gridi inaonyesha kila kitu kama kimeingia. Lakini Post peke yake inaweka kwenye kumbukumbu ya programu tu, ni kama kuandika bei kiganjani. Ili iende kwenye databesi unahitaji ApplyUpdates, na ili ibaki huko lazima transaksheni (fungu la mabadiliko) ikomitiwe, yaani ithibitishwe. Hatua tatu, na ukikosa ya pili au ya tatu hakuna meseji hata moja. Programu ikifungwa vinaondoka.

Suluhisho nililoweka, na nawashauri muweke hivi kwenye kila query inayoandika:

```
procedure TfrmKuu.qBidhaaAfterPost(DataSet: TDataSet);
begin
  qBidhaa.ApplyUpdates;
  trDuka.CommitRetaining;
end;
```

Hiyo hiyo iunganishe na AfterDelete, vinginevyo ukifuta bidhaa itarudi kesho yake. Na ni CommitRetaining makusudi, ukitumia Commit ya kawaida inafunga query zote zilizoshikwa na transaksheni hiyo na gridi inabaki nyeupe mbele ya mteja. Baada ya hapo nilijaribu kwa ukatili: ingiza bidhaa, chomoa betri ya laptopu, washa, fungua. Ipo. Nikarudia kwenye mauzo na madeni, vipo.

Gharama ya siku hii ni mchana mzima wa binamu, na alirudia kazi yote kesho yake bila kulalamika. Ndo maana hii sehemu naiandika kwa kirefu, mwenye duka akipoteza data mara moja hatakuamini tena na atarudi kwenye daftari, na atakuwa na haki.

22 Februari: mteja wa Mang'ula

Fomu ya madeni ilikuwa inaenda vizuri mpaka tulipofika kwa mteja wa Mang'ula. Ukihifadhi inaleta kosa la SQL karibu na "ula". Wateja wa Kilosa na Mikumi wanaingia, wa Mang'ula anagoma. Bidhaa nazo vile vile, "Vanishi ya kung'arisha mbao" haikubali.

Ni hiyo ritifaa, alama ya '. SQL niliijenga kwa kuunganisha maandishi, na alama hiyo kwenye SQL ndo inafunga maandishi, kwa hiyo ikifika Mang databesi inadhani sentensi imeisha. Mifano mingi ya kwenye intaneti imejaa majina kama John na Mary kwa hiyo wanaoifuata hawaoni tatizo, ila sisi wenye Ng'ombe, Chang'ombe na kung'oa misumari tutaliona wiki ya kwanza. Usijaribu kuifuta ritifaa au kuibadilisha kuwa alama nyingine, jina la mtu liandikwe kama lilivyo. Tumia vigezo:

```
qDeni.SQL.Text := 'INSERT INTO madeni (mteja, mahali, kiasi) ' +
                  'VALUES (:mteja, :mahali, :kiasi)';
qDeni.ParamByName('mteja').AsString := edMteja.Text;
qDeni.ParamByName('mahali').AsString := edMahali.Text;
qDeni.ParamByName('kiasi').AsLargeInt := kiasi;
qDeni.ExecSQL;
trDuka.CommitRetaining;
```

Hii inakukinga pia na mtu mbaya anayeandika SQL kwenye kisanduku cha jina. Nimepitia mradi mzima nikaondoa kila palipounganishwa maandishi. Na ukitaka kuandika ritifaa ndani ya kodi ya Pascal yenyewe unaiandika mara mbili, 'Mang''ula'.

8 Machi: 12,500/= na robo kilo ya misumari

Mjomba akiandika bei anaandika 12,500/= kama alivyoandika maisha yake yote, na StrToInt ikikutana na koma inarusha EConvertError. Sitaki kumfundisha mzee aandike tofauti, programu ndo inatakiwa imwelewe:

```
function SomaPesa(const s: string; out pesa: Int64): Boolean;
var
  t: string;
begin
  t := StringReplace(Trim(s), ',', '', [rfReplaceAll]);
  t := StringReplace(t, '/=', '', [rfReplaceAll]);
  Result := TryStrToInt64(t, pesa);
end;
```

Ikirudisha False unarudisha kursa kwenye kisanduku na kumwambia kwa Kiswahili kilichokosekana. Kuonyesha unatumia FormatFloat('#,##0', pesa).

Kwa wanaoanza, ukiendesha ndani ya Lazarus na hiyo EConvertError ikatokea, dibaga (chombo cha kusaka makosa) inasimama na dirisha la kutisha, unadhani programu imekufa. Hapana, dibaga inakuonyesha tu mahali, bonyeza F9 iendelee, nje ya Lazarus mtumiaji ataona meseji ndogo ya kawaida au ile uliyoiandaa kwenye try..except.

Idadi nayo siyo namba nzima kila mara. Misumari inauzwa robo kilo, nusu kilo, hata gramu 100, waya unapimwa kwa mita na nusu. Nilipotumia Double (namba ya desimali ya kawaida), ambayo robo na nusu inazishika sawasawa lakini 0.1 haiwezi, stoo ya misumari baada ya kuuza na kurudisha mara kadhaa ilibaki na vipande vidogo vidogo vya desimali, haifiki sifuri, na sharti la "stoo imeisha" halitimii. Aina ya Currency inamaliza hilo, kwa ndani ni namba nzima ya biti 64 yenye nafasi 4 za desimali, 0.1 inabaki 0.1. Jina lake linasema pesa lakini kwa kilo na mita inafaa kabisa.

22 Machi: printa ya risiti

Printa ya joto ya milimita 58, ya mtumba, shilingi 95,000 pamoja na waya wa USB, na roli za karatasi za shilingi 10,000. Niseme wazi, risiti hii ni ya kumbukumbu ya mteja na stoo, mashine ya EFD (ya risiti za kodi) iko pale pale kaunta na inafanya kazi yake ya TRA, mamlaka ya mapato, programu hii haichukui nafasi yake.

Jaribio la kwanza nilichora kwa Canvas kama unavyochapa kwenye printa ya kawaida. Ilitoka taratibu, herufi zimefifia, na karatasi ndefu tupu baada ya kila risiti. Nikaachana nayo nikaenda kwa njia ghafi, unaongeza pakiti ya Printer4Lazarus kwenye mradi, Printers kwenye uses, na:

```
Printer.RawMode := True;
Printer.BeginDoc;
Printer.Write(#27'@' + risiti + #10#10#10);
Printer.EndDoc;
```

Hizo #27'@' ni amri ya ESC/POS (lugha ya amri za printa za risiti) ya kuirudisha printa kwenye hali ya mwanzo. Inatoka mara moja, herufi nyeusi safi.

Mstari mmoja kwenye karatasi ya 58 unabeba herufi 32 za ukubwa wa kawaida, kwa hiyo nikagawa 20 za jina na 12 za bei kwa Format('%-20s%12s'). Bidhaa zenye majina marefu zikavuruga mistari yote, maana %-20s inaongeza nafasi kama jina ni fupi lakini haikati kama ni refu. Inatakiwa iwe '%-20.20s%12s', hiyo .20 ndo inakata.

Alafu ikatoka hii: "Bomba ┬╜ PVC". Kwenye skrini inasomeka Bomba ½ PVC vizuri kabisa. Orodha ya bidhaa mjomba aliandikiwa kwenye Word zamani, na Word ukiandika 1/2 inaigeuza yenyewe kuwa alama moja ya ½, nasi tulikopi tukapesti. Lazarus inahifadhi maandishi kwa UTF-8 na hapo ½ ni baiti mbili, printa inasoma baiti moja moja kwa jedwali lake la zamani la CP437, kwa hiyo inachora vimistari viwili vya kona. Hiyo hiyo ndo inafanya Length ihesabu herufi moja zaidi na bei isogee, kama unataka idadi halisi ya herufi tumia UTF8Length ya LazUTF8. Sikutaka kubadilisha jedwali la herufi la printa, maana ¾ haimo kabisa kwenye CP437, nimeandika kazi ndogo inayogeuza ½ kuwa 1/2, ¼ kuwa 1/4 na ¾ kuwa 3/4 wakati wa kuhifadhi. Fundi bomba akiona 3/4 anaelewa.

5 Aprili: kuihamishia dukani

Nauli ya kwenda Morogoro na kurudi, na siku nzima, wakati ingeweza kuwa kazi ya dakika chache.

Laptopu yangu ni biti 64, ya dukani 32, hilo nilijiandaa nalo, kuna nyongeza ya kompaila ya win32 inayoshushwa pamoja na Lazarus, unaichagua kwenye Config and Target. Exe ya Debug ilikuwa zaidi ya megabaiti 20, ya Release ikiwa imevuliwa taarifa za dibaga ikashuka mpaka kama 4. Kwa hiyo mkiona exe kubwa msiseme Lazarus ni nzito, ni taarifa za dibaga.

Ikagoma kuwaka, sqlite3.dll haipakiki, wakati faili liko pale pale. Lilikuwa la biti 64. Exe ya 32 inataka dll ya 32, na hakuna meseji itakayokwambia hivyo. Kwa simu nikashusha lingine.

Ikawaka, alafu: "no such table: bidhaa". Hapa tulikaa. Faili la duka.db tumelikopi, ukiliangalia lina ukubwa wake. Sababu ni kwamba wakati wa kutengeneza niliiacha Connection ikiwa Connected kwenye Object Inspector, na njia ya C:\miradi\duka ikaandikwa ndani ya faili la .lfm (linaloshika fomu) ikasafiri na exe. Dukani kuna folda hiyo, niliitengeneza mwenyewe ziara iliyopita kwa kazi nyingine, haina duka.db ndani, na SQLite ikiambiwa ifungue faili lisilokuwepo hailalamiki, inatengeneza jipya tupu na kuendelea. Kwa hiyo programu ilikuwa inaongea na databesi tupu na ile yetu imelala pembeni.

Sasa hivi kwenye Object Inspector kila Connected na Active ni False kabla ya kukompaili, na FormCreate inaanza hivi:

```
cnDuka.DatabaseName := ExtractFilePath(ParamStr(0)) + 'duka.db';
if not FileExists(cnDuka.DatabaseName) then
begin
  ShowMessage('Faili la duka.db halionekani. Usiendelee, piga simu.');
  Application.Terminate;
  Exit;
end;
cnDuka.Open;
```

Na folda ya programu iwekwe nje ya Program Files, mfano C:\duka, huko Program Files Windows haimruhusu mtumiaji wa kawaida kuandika.

Skrini ya dukani ni ndogo, 1024 kwa 768, kitufe cha Maliza kilikuwa nje ya kioo. Gridi zipewe Align, vitufe vipewe Anchors za kulia na chini, usipange vitu kwa macho ya skrini yako.

26 Aprili: mauzo ya kabla duka halijafunguliwa

Mjomba alipiga simu. "Hii ripoti inasema tumeuza saruji saa kumi na mbili asubuhi, mimi duka nafungua saa moja na nusu, nani kauza?" Alikuwa ameshaanza kumwangalia vibaya kijana wa stoo, kwa hiyo hili nililitatua usiku ule ule.

Jedwali la mauzo lilikuwa na DEFAULT CURRENT_TIMESTAMP, na SQLite inaitoa kwa saa ya UTC (saa ya kimataifa, ile ya Greenwich). Sisi tuko mbele saa 3, kwa hiyo kilichouzwa saa tatu asubuhi kinaandikwa 06:00. Nimeondoa kutegemea hiyo, Pascal yenyewe inaweka ParamByName('saa').AsDateTime := Now.

Ukifungua databesi kwa chombo kingine baada ya hapo utashtuka, badala ya tarehe utaona 2460791.875. Ndivyo Lazarus inavyohifadhi tarehe kwenye SQLite, ni siku za Julian, na hiyo ni 26 Aprili 2025 saa tatu asubuhi. Haijaharibika, SQLite inaielewa, strftime('%d/%m/%Y %H:%M', saa) inakupa tarehe ya kawaida. Mauzo ya zamani niliyarekebisha kwa mstari mmoja, baada ya kutunza bakapu:

```
UPDATE mauzo SET saa = julianday(saa, 'localtime')
WHERE typeof(saa) = 'text';
```

Ripoti mpya ilipotoka mjomba alimwita kijana akamweleza mwenyewe kilichotokea, na mimi nikampigia kumwomba radhi.

17 Mei: hali ilivyo

Programu inatumika kila siku, kaunta buku bado ipo kwa sababu mjomba ameamua ziende pamoja mpaka mwisho wa Juni, na naunga mkono. Umeme umekatika mara nyingi tu katikati ya mauzo na hakuna kilichopotea.

Lazarus 4.0 imetoka mwezi huu. Nitaiweka kwenye folda nyingine niijaribu, mradi wa dukani unabaki na 3.6 mpaka hiyo Juni ipite.

Wanaotaka kuukopi mradi: vya kutunza ni .lpi, .lpr, .pas, .lfm na .res. Folda za lib na backup, faili la .lps na exe usizitunze, zinajitengeneza zenyewe. Duka.db ya kwenu anzeni tupu na faili la SQL la kutengeneza majedwali, msikopi ya kwetu maana ina madeni ya watu.

Kinachofuata ni skana ya bakodi. Nimeshajaribu moja ya kuazima, inajifanya kibodi, inaandika namba alafu inabonyeza Enter yenyewe, kwa hiyo upande wa Pascal ni OnKeyPress tu. Shida ni kwamba nondo na misumari ya kupima haina bakodi, na binamu anapendekeza tuchape zetu tuzibandike kwenye ubao wa kaunta.